Wiki ya Kivuli

"Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?" daktari aliniuliza, na kabla sijafungua kinywa akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto aliyepotea njia ya kwao.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, theluji ikiyeyuka juu ya viatu vyangu, kofia ya sare nimeikumbatia kifuani. Nyuma ya pazia la kijani walikuwa wanamkata koti Sajini Kralik. Mkono wake wa kulia ulining'inia pembeni ya kitanda kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale.

"Sijui," nikasema.

"Si mlikuwa gari moja?"

"Tangu saa moja asubuhi."

"Na hakusema neno? Masaa matano yote?"

"Haruhusiwi kusema," nikamjibu. Nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe, nikaona aibu.

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo. "Sikiliza, dada. Huyu amepigwa na kiharusi. Ipo dawa inayoweza kuyeyusha damu iliyoganda kichwani mwake, lakini ni lazima aipate kabla ya masaa manne na nusu kupita tangu kiharusi kilipompata. Nikimpa baada ya hapo naweza kumuua. Ndiyo maana nataka saa. Saa uliyo na hakika nayo."

Nikafumba macho nitafute saa.

*

Katika kituo chetu cha Tarrow, askari mpya hufundishwa wiki kumi na nne ndani ya gari la doria, na ile ya mwisho tuliiita wiki ya kivuli. Mkufunzi huvua sare, huvaa nguo za nyumbani, hukaa kiti cha abiria na kunyamaza. Haelekezi, haonyi, hacheki. Akifungua mdomo kukusaidia, umeanguka. Mapajani huwa na ubao wenye fomu, na kila unachofanya hukiandikia saa na alama, kuanzia moja mpaka saba. Mwanafunzi haigusi fomu hiyo wala haitupii jicho mpaka zamu iishe na wote wawili waitie sahihi. Kuchungulia ni sawa na kuomba alama, na kwetu hakukuwa na aibu kubwa kuliko hiyo.

Ukifaulu, unathibitishwa kazini na chama cha wafanyakazi kinakupokea. Ukianguka, huna chama na huna pa kukata rufaa. Unarudisha bunduki na beji, unakwenda zako.

Mimi sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa na shahada ya ustawi wa jamii na barua kumi na tisa za kukataliwa. Tarrow ulikuwa mji wa kando ya mto, na kiwanda chake cha vioo kilifungwa kabla sijazaliwa. Ulibaki na makanisa kumi na moja na askari tisa. Mimi nilikuwa wa tisa. Mama alilia siku nilipoapishwa, na sikumuuliza ni kilio cha namna gani.

Sikujua kwamba nilikuwa nimeingia katikati ya ugomvi. Baraza la mji lilikuwa limekata shauri kwamba askari wapya wote watalipwa ngazi mbili chini ya wenzao. Chama kikapinga, baraza likang'ang'ania, na kwa kuwa baraza halikuwa likivaa sare pamoja nao kila asubuhi, hasira ikanishukia mimi. Hawakunitukana. Walininyamazia tu. Na wakanipa jina.

"Haya, Punguzo kaingia!" Dell Pruitt, mwenyekiti wa chama, alipaza sauti siku yangu ya kwanza. "Jamani, msikae naye karibu, mtapunguzwa na nyie!"

Wakacheka. Sajini Emmett Kralik, aliyekuwa anafunga kamba za viatu, hakuinua hata kichwa. "Pruitt, wewe ulivyoajiriwa, hata bure ungekuwa ghali."

Wakacheka zaidi, na safari hii Pruitt naye.

Kralik alikuwa mwanachama kuliko wote. Yeye ndiye aliyekiongoza chama kabla ya Pruitt. Lakini alisema kazi yake ni kufundisha, na mtu haulizwi mshahara kabla ya kufundishwa kuvuka barabara. Kwa wiki kumi na tatu aliongea nami kwa niaba ya kituo kizima kilichoninyamazia. Alinionyesha nyumba ambayo mlango wake haugongwi bali unasogelewa kwa kuimba, ili mzee wa ndani asiogope. Alinifundisha kusimama upande wa bawaba za mlango, si mbele yake. Na alinikemea kwa jambo moja kila siku. Mimi tangu utotoni nina haya. Watu nawajua kwa viatu vyao.

"Inua macho, Vargo. Kisu hakikai kwenye viatu."

"Ndiyo, Sajini."

"Unaniambia mimi au unaviambia viatu vyangu?"

Nikajifunza kuwatazama watu machoni. Wote, isipokuwa yeye. Yeye alikuwa ametulia pembeni yangu kama ukuta wa nyumba; nani hutazama ukuta anaouegemea?

*

Mwezi Januari mazungumzo ya mkataba yalikwama, na asubuhi moja askari sita walipiga simu kituoni wakasema wanaumwa. Mji mzima uliujua ugonjwa huo. Jaji akaingilia kati, na chama kikaweka sahihi kwamba hakuna atakayekosa kazi bila barua ya daktari hadi mkataba mpya upatikane. Barua yenyewe ilihitaji siku nzima ya kusubiri katika mji wa jirani.

Wiki yangu ya kivuli ikaanza Jumatatu ya pili ya Februari. Kralik alikuja na kichwa kinachomuuma. Nilimsikia akimwambia Pruitt pale kwenye mtungi wa kahawa.

"Kinagonga kama mtu yumo ndani anataka kutoka."

"Basi mwache atoke, sisi tumekuzoea hivyo hivyo," Pruitt akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini Emmett, ukikosa wewe, wewe uliyetuandikia ile ahadi, watasema tumeanza tena. Na huyo Punguzo wako ataanza wiki upya."

Kralik akanitazama. Akameza vidonge viwili kwa kahawa, akavaa miwani ya jua ingawa nje hakukuwa na jua, na tukatoka.

Alikuja Jumanne. Alikuja Jumatano. Alhamisi, saa moja asubuhi, akaniambia mlangoni, "Kuna barafu darajani," kwa kuwa bado hatujaingia garini. Kisha akaingia, akauweka ubao mapajani, akanyamaza.

Ilikuwa asubuhi ya kimya. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha na watu walikuwa wanachimbua magari yao. Nilipita shuleni, nikapita benki, nikateremka hadi mtoni na kupanda tena. Hatukuitwa popote. Nilikaza macho barabarani. Nilisikia kalamu ikikwaruza mara moja, au labda mara kadhaa; nilijizuia nisigeuke, kwa kuwa niliyataka mafanikio yale kwa haki kabisa, bila hata tone la kuomba.

Saa tano na dakika ishirini redio ikaniita. Ugomvi wa kiti, mtaa wa Alder.

Kwetu, mtu akichimbua theluji apate mahali pa kuegesha gari lake, huacha hapo kiti cha jikoni, na kiti hicho ni sheria kuliko sheria. Mtu alikuwa amekiondoa kiti cha Bi Szabo, bibi wa miaka themanini, akaegesha lori lake dogo. Nilipofika, bibi alikuwa ameketi kwenye kiti hicho hicho mbele ya lori, na koleo mkononi.

"Nitakaa hapa hadi Pasaka!" alipiga kelele. "Na we kijana, nilimfundisha mamako hesabu, hakuna alichoelewa, ndiyo maana akakuzaa wewe!"

"Bibi, mimi nimeegesha tu dakika tano!"

"Hesabu za mamako hizo!"

Siku zote Kralik alishuka garini na kusimama nyuma yangu. Siku hiyo hakushuka. Nikahisi joto kifuani. Nilidhani ni heshima: ameona sihitaji hata kivuli.

Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ya zile dakika ishirini. Niliinama nikamtazama bibi machoni. Nikamtazama kijana machoni. Mwishowe kijana alihamisha lori, akalichukua koleo, akamchimbulia bibi hadi mlangoni, na bibi akampa mkate wa mbegu ampelekee mama yake. Wote wawili wakacheka, nami nikacheka.

Nilirudi garini na tabasamu ambalo sikuweza kulificha. Kralik alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nikawasha gari, nikaendesha mitaa miwili nikiwa na furaha, na nikaona kimya chake ni cha kuridhika.

Kwenye makutano nilifunga breki, na mwili wake ukaja mbele, haukurudi.

*

"Saa ambayo una hakika nayo," daktari alisema.

"Nilisikia kalamu. Alikuwa anaandika."

"Saa ngapi?"

"Nadhani... tulipopita shuleni. Au baada ya hapo."

"Hiyo 'nadhani' haitoshi. Ulimwona uso?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

Mtu jasiri angesema saa nne, angesema saa nne na nusu, angemtazama daktari machoni na kusema. Mimi niliviangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, na kimoja kilikuwa na doa la kahawa.

"Nina hakika na saa moja," nikasema. "Aliniambia kuna barafu darajani."

Daktari akahesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikicheza. Masaa matano na robo. Akanishika bega, akarudi nyuma ya pazia bila ile dawa.

Nilirudi kuliweka gari kituoni saa kumi na dakika kumi. Ubao ulikuwa chini ya kiti cha abiria. Nikauokota, na hata hapo, Mungu anisamehe, nikaugeuza kifudifudi kwanza ili nisione. Kisha nikakumbuka hakuna tena wa kunizuia.

Mwandiko wake ulikuwa mdogo na mnyoofu. Saa mbili kasoro kumi: anapunguza mwendo shuleni, sita. Saa tatu na nusu: amemwona mzee anateleza, amesimama kusaidia, saba. Saa nne na dakika arobaini: haulizi kitu, vizuri. Saa tano na dakika ishirini: ameipokea redio kwa utulivu, sita. Baada ya hapo kalamu ilikuwa imeanza neno jingine, na neno likageuka mstari, na mstari ukashuka hadi pembeni ya karatasi.

Saa tano na dakika ishirini. Daktari aliponiuliza, haikuwa imetimia hata saa nzima tangu kiharusi kilipompata. Ile saa aliyoitaka ilikuwa kwenye maegesho ya hospitali, hatua hamsini kutoka miguuni pangu. Na sasa ilikuwa saa kumi na dakika kumi, dakika ishirini baada ya yale masaa manne na nusu kwisha.

Sikulia. Nilikaa kwenye kiti chake, kilichokuwa bado na umbo lake.

*

Jumatatu Mkuu wa kituo, Bwana Stoddard, aliniita ofisini. Pruitt alikuwamo. Tangu niajiriwe sikuwahi kuwaona wawili hao wakikaa upande mmoja wa meza. Fomu ilikuwa katikati yao.

"Hii ikitoka," Mkuu alisema, "mji utashtakiwa, na baraza litakifunga kituo kesho."

"Na mwanasheria wao atasema kosa ni la utaratibu wa wiki ya kivuli, aliouandika Emmett mwenyewe alipokuwa mwenyekiti," Pruitt akaongeza. "Atanyimwa malipo ya kuumia kazini. Noreen atabaki na mume asiyesema na mikono mitupu."

"Kwa hiyo inaingia kwenye faili lako, Vargo, na inabaki humo. Mafunzo yamekamilika, alama zinatosha. Mimi nitatia sahihi mahali pake."

"Mke wake hajui?" nikauliza.

Wakatazamana. Miezi saba walikuwa wamegombania kila nukta ya mkataba. Hapo hawakugombana.

"Saa haitamrudishia kitu," Pruitt akasema.

Ningeweza kukataa. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kiasi kwamba sasa naweza kusema bila kujitetea: niliitaka kazi. Nikaandika jina langu. Pruitt akasimama, akaninyooshea mkono.

"Karibu chamani, Vargo."

Tangu siku hiyo walinisalimia wote, walinitania, walinitunzia kiti. Miezi kumi na minne baadaye baraza lilikifunga kituo, likawaachia doria polisi wa jimbo, na sisi wanane tuliobaki tukarudisha beji zetu ndani ya boksi moja la karatasi.

*

Hadi leo mimi huenda kwa akina Kralik kila Jumapili. Noreen humketisha mumewe dirishani, amemchana nywele, blanketi magotini. Limemrudia neno moja tu, na kulisema hulisema kwa upole wote aliokuwa nao.

"Emmett, Vargo kaja. Unamkumbuka?"

"Ndiyo."

"Tuzime redio?"

"Ndiyo."

"Au tuiache?"

"Ndiyo."

Noreen hucheka kidogo, halafu hufuta macho. Juzi aliniambia, "Walisema lilikuwa suala la saa tu. Lakini ungejuaje, mwanangu? Utaratibu wao ndio ulioniulia mume." Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Nilipiga magoti mbele ya kiti cha Sajini. Nikainua macho, nikamtazama usoni, upande ulio hai na upande uliolala.

"Sajini," nikamnong'oneza. "Nimwambie?"

Akanigeuzia uso.

"Ndiyo," akasema.

Nikasikia vikombe vikigongana jikoni.

"Au ninyamaze?"

"Ndiyo," akasema, kwa sauti ile ile.

Noreen akaingia na sinia. Nikanyanyuka, nikampokea, nikamshukuru, nikamuuliza goti lake linaendeleaje na baridi hii.