Sefu ya Mjomba Swaliki

Watu wa Busia wakiniuliza nafanya kazi gani, huwa najuta kufungua mdomo. Nawaambia: nafungua makufuli ya kielektroniki bila kuyavunja, na kampuni zinanilipa nizioneshe udhaifu wao. "Kumbe mwizi!" Si mwizi, jamani! Kufuli likikagua namba ya siri linakula umeme, na ukigusa tarakimu sahihi linaula kidogo zaidi. Mimi naunganisha nyaya, natazama kompyuta, nasubiri lijitaje lenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi.

Basi, Jumamosi Mjomba Swaliki akafungia ufunguo wa lori lake ndani ya sefu mpya, na ule wa akiba humohumo. Lori limejaa sangara, barafu inayeyuka, mpakani wanangoja.

"Namba nimesahau," akasema, macho chini, mkewe amesimama karibu yake.

"Si Nasifa yuko?" akasema mkewe, Mama Shafic. "Kazi yake ndiyo hii."

"Aa, msimsumbue msomi. Leteni nyundo."

Nyundo! Nilipandwa na hasira. Miaka yote nachekwa, leo nafasi imekuja, mtu ataka nyundo? Nikapiga magoti, nikafunga nyaya kwenye betri ya sefu. Majirani wakajaa mlangoni.

"Saba!" nikatangaza. Wakashangilia.

"Mwanangu, pumzika, kunywa chai," Mjomba akasema, jasho likimtiririka.

"Sifuri!"

"Waoze tu! Sangara wako wengi ziwani!"

Nikamwambia anyamaze, ananiharibia kazi. Mimi huyu, ninayelipwa kunasa mashine ikijisaliti, sikumwona mtu mzima akitetemeka kando yangu.

"Nne! Na ya mwisho, tisa!"

Sefu ikafunguka. Vigelegele! Mama Shafic akawapenya majirani. Akachukua simu ya mumewe mezani, akasoma polepole.

"Saba, sifuri, nne, tisa. Huu si mwisho wa namba ya simu ya Amongin, yule mwanamke wa Merikit anayekupigia kila Ijumaa kuhusu kuku? Hao kuku, Baba Shafic, mbona sijala hata mmoja?"

Majirani, wanafiki wale, ghafla wakakumbuka wameacha sufuria jikoni.

Samaki walifika salama. Lori aliliendesha Mjomba mwenyewe, nguo zake zote zimefungwa ndani ya shuka kwenye kiti cha pembeni. Nilimsindikiza hadi getini, roho inaniuma, nikitafuta neno la kumpoza. Akashusha kioo.

"Nasifa mwanangu," akasema, "na mimi ndiye niliyekusomesha!"