Tulivyotaka Kuhamia Linux na Kikapu Chepesi

Siku ile nilikwaruzana na binti yangu Sauda tangu asubuhi, na zilizotugombanisha ni kompyuta mbili za nyumbani. Sauda alisema zimezeeka, Windows mpya haizikubali na hii ya zamani haipati tena marekebisho, kwa hiyo anazihamishia mfumo mwingine, Linux, ambao ni wa bure na hauna makuu hata kwa mashine kuukuu. Mimi nimeishia darasa la saba, sikuwa na cha kumbishia. Hofu yangu ilikuwa moja tu. Ndani ya ile kubwa ya sebuleni mna sauti ya mume wangu Mbwana akiwasimulia watoto hadithi za mbuzi mtoro, hadithi alizozitunga mwenyewe na kuzirekodi kabla hajapasuliwa koo. Tangu apasuliwe, Mbwana anazungumza kwa kunong'ona, na ile sauti yake ya zamani haipo mahali pengine popote.

"Mama, nimeshaziweka kwenye flashi," Sauda alisema. "Zote. Hizi hapa, soma majina mwenyewe."

Nikasoma. Majina yalikuwepo.

"Mbona haikuchukua hata muda wa kumenya kitunguu?"

"Kwa sababu najua ninachokifanya. Ungekuwa wewe tungekesha."

Baba yake akatingisha mabega kwa kicheko, nikaona wananicheka wote wawili. Nikatoka na hasira zangu, nikajilaza mkekani uani, jua la alasiri likinipiga miguuni, na usingizi ukanichukua moyo ukiwa bado mzito.

Nikaota nimo katika nyumba kubwa yenye madirisha mengi kuliko kuta, na kila dirisha ukilifungua unakuta ndani yake dirisha jingine. Katikati alikaa mama mmoja mnene, mikono ameipakata, jina lake Mazoea. "Kaa, mwanangu," akaniambia. "Hapa kijiko unakijua kilipo hata ukiwa umefumba macho. Huko mnakotaka kwenda mtaulizia hadi mlango wa choo." Nikamwuliza habari za paa, maana maji yalikuwa yanadondoka kila pembe. Akasema, "Fundi wake kaacha kuja. Sogeza kitanda tu." Kabla sijamjibu akaingia Pupa, kijana mtanashati anasukuma mkokoteni mtupu, akapiga kelele kwamba nchi ya Uhuru iko mbele kidogo, ardhi ya bure, kila mtu anajenga apendavyo, na anayechelewa atakuta viwanja vizuri vimekwisha. Nikamwona Sauda wangu anatoka naye, kikapu kichwani, hata nyuma hageuki. Nikawafuata.

Njia ilipanda kilima, na kule juu nikaiona hiyo nchi. Siwezi kusema uongo, niliipenda. Watu walikuwa wanajenga nyumba za kila namna, huyu anamkosoa yule kwa rangi aliyoipaka, na mtu akikwama wanamjia majirani watatu na nyundo, kila mmoja na ushauri wake. Penye lango alisimama ngwini, yule ndege mnene wa kifua cheupe aliye nembo ya Linux, anaitikia salamu za kila mtu na hamwombi mtu chochote. Nilikuwa nimekwishainua mguu niingie nilipoguswa begani. Nikageuka nikamwona mwanamke mkavu, kanga kaifunga kiunoni, anatembea huku akitazama chini kama anayetafuta sindano iliyodondoka. Nikajua huyu ni Uangalifu, ingawa hakuna aliyenitajia.

"Bibi, sikuzuii kuhama," alisema polepole. "Paa linalovuja si la kuling'ang'ania. Nakuuliza tu, kwenu mtu akihama nyumba, nani hutoka mwisho?"

"Kwetu mtu mzima mmoja hubaki nyuma," nikamjibu. "Hutia mkono ndani ya kila chungu, hufungua kila sanduku, ndipo ufunguo urudishwe."

"Na leo amebaki nani?"

Nikatazama nyuma, njia ilikuwa tupu. Akasema, "Basi pima kikapu cha mwanao."

Nikamwita Sauda, nikakishika kile kikapu, kikawa chepesi kama kimejaa manyoya ya kuku. Ndani mlikuwa na vikaratasi tu. Kimoja kimeandikwa "Baba, mbuzi mtoro, ya kwanza", na kwenye pembe yake kuna kishale kimepinda, kimeelekea kule tulikotoka. Uangalifu akaniambia, "Hiki kinaonyesha sanduku lilipo. Sanduku lenyewe halijatoka ndani. Aliyefunga mzigo huu ni Dhana. Ana mwandiko mzuri sana, lakini hajawahi kunyanyua kitu kizito."

Tulirudi mbio hadi kwenye ile nyumba. Mlangoni alikuwa amesimama mtu mpole, ndoo ya chokaa mkono mmoja, brashi mkono mwingine, anaitwa Futayote. "Mimi si mwizi, mama," akasema. "Kiwanja cha huko kinataka nisafishe hapa kwanza. Nauliza mara moja tu: mna uhakika? Mkisema ndiyo nikapaka, hata mimi mwenyewe sitajua palikuwa na nini." Pupa akamkonyeza Sauda. "Sema ndiyo, dada, jua linakwenda." Sauda akafungua kinywa. Nikataka kumkataza, nikaita kwa nguvu zangu zote, lakini kilichonitoka ni mnong'ono, kama wa Mbwana. Hapo nikaamka.

Niliingia sebuleni pekupeku. Sauda ameinamia meza, kioo kinamwuliza kama afute diski yote.

"Usibonyeze."

"Mama, tena?"

"Chomeka flashi kwenye ile kompyuta ndogo, ufungue hadithi moja. Moja tu, kisha sisemi tena."

Akachomeka huku akisonya. Majina yakajipanga, na kila jina na kishale chake kilichopinda. Mchana macho yangu yalikuwa yameviona, akili ndiyo haikuvishika. Akabonyeza la kwanza, kompyuta ikajibu kwamba kitu hicho hakionekani. Akabonyeza la pili, kisha la tatu. Sauda aliondoa mkono mezani, akaupakata.

"Nimenakili njia za mkato," akasema taratibu. "Za kwenye ule uso wa mbele. Hadithi zenyewe bado zimo ndani."

Sikumgombeza. Tulizitafuta hadithi zenyewe, tukazihamisha, na kila moja tukaifungua kwenye ile ndogo tukaisikia mwanzo na mwisho, hadi magharibi ikaingia. Ndipo nikamwambia, "Haya, sema ndiyo." Linux ikaingia vizuri, ila printa ilitusumbua kidogo. Nawaandikia nyinyi mlio na kompyuta majumbani na watoto wajuzi: hameni, wala msiwaogope akina Mazoea. Lakini msiridhike na majina mnayoonyeshwa. Flashi ifunguliwe kwenye mashine nyingine, na kila kitu kisikike au kionekane chenyewe, kabla hamjamjibu yule wa chokaa. Na awepo mtu mzima mmoja wa kubaki nyuma, hata kama hajasoma.

Tulipomaliza Sauda alifungua hadithi ya kwanza ndani ya ile Linux, anionyeshe kwamba inafanya kazi. Mbwana tangu apasuliwe hakuwahi kukaa akaisikiliza sauti ile. Ikianza, hutoka nje. Safari hii alikuja na kikombe chake cha chai, akakaa ukingoni mwa kiti. Akamwinamia binti yake sikioni, nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ongeza sauti," alinong'ona.