Sanduku la Usingizi wa Mama

Betri ya pili ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye gazeti, na mpiga picha wa ndege aliyeijia alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akiwa na mkoba wazi mkononi, fundi alipogundua kwamba hesabu zake hazikubaliani.

Karakana hiyo ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na mama yake. Humo aliunda masanduku ya umeme wa kubeba kwa ajili ya watu wanaokwenda kupiga kambi mbali na nguzo za umeme: betri chini, vifaa vya kupimia katikati, soketi juu, na paneli ndogo ya sola ya kutandaza juani mchana. Alikuwa amewaundia wavuvi wa mwishoni mwa juma na watu wa kurusha ndege za kuchezea. Lakini hakuna sanduku lililomkosesha raha kama hili la mama yake.

Mama alikuwa muuguzi mstaafu, aliyeitwa Dada Mkuu hospitalini. Kwa miaka miwili sasa pumzi ilikuwa ikimkatika usingizini, na daktari alikuwa amemwagiza asilale bila barakoa na mashine ndogo ya kumsukumia hewa. Mashine hiyo ilihitaji umeme, na umeme haukufika kule ziwani walikokwenda kila mwaka wafanyakazi wenzake wa zamani wa hospitali kulala siku mbili hemani. Kambi mbili zilikuwa zimempita. Mara zote mbili alisema hakuwa na hamu, kisha akashinda siku nzima akipanga upya kabati ambalo halikuwa na shida yoyote. Mwaka huu fundi aliapa kwamba mama angekwenda. Safari ilikuwa kesho kutwa.

Kikwazo kilikuwa uzito. Gari lingewaacha mama na wenzake barabarani, na kutoka hapo kulikuwa na mwendo wa saa nzima kwa miguu. Kila betri ilikuwa na kilo sita. Fundi alikuwa ameweka betri mbili, lakini akaitoa moja na kulijaribu sanduku na iliyobaki chumbani kwa mama, usiku tatu mfululizo. Kila asubuhi mama alijitokeza akiwa na alama za barakoa mashavuni na kutangaza kwamba amelala fofofo, na sanduku wala halijatoka jasho. Fundi alitazama kipimo, akakuta betri ina zaidi ya nusu, akavimba kichwa. Habari njema haikumpa sababu ya kuuliza zaidi. Betri ya pili akamwahidi mpiga picha.

Sasa mpiga picha alitaka kujua betri yake ingedumu saa ngapi. Ili ampe mfano wa kweli, fundi aliivuta mashine ya mama, aliyoileta asubuhi kuisafisha kichujio, akabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Usiku uliopita ilikuwa imefanya kazi saa saba na dakika arobaini. Akatazama kipimo cha sanduku: lilikuwa limetoa umeme saa mbili na dakika kumi tu. Akafuta kioo kwa upindo wa aproni, akasoma tena. Akarudi usiku wa kwanza na wa pili. Mambo yalikuwa yale yale. Saa tano na zaidi zilikuwa zimetoka mahali pengine, na chumbani kwa mama chanzo kingine cha umeme kilikuwa kimoja tu: soketi ya ukutani, juu ya kitanda.

Akaifungua betri kutoka kwenye gazeti. "Samahani, ndugu yangu. Hii haitoki tena."

"Nami nimeshamwambia mke wangu naleta mgeni," alisema mpiga picha.

"Mwambie mgeni kaugua."

Mpiga picha alicheka, akakubali kungoja nyingine, akaenda zake.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akikunja soksi. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu juzi. Fundi alimwekea mashine magotini na sanduku miguuni, kipimo kikimwelekea. Mama alivaa miwani, akasoma, akaivua. Kwanza alijitia hamnazo, akasema aliona heri kuipumzisha betri, maana tangu zamani alizoea kubania betri za tochi. Fundi alimwacha amalize.

"Mama, mgonjwa wako angekupa joto la uongo uandike kwenye chati, ungemfanyaje?"

"Ningemfokea wodi nzima isikie."

"Basi mimi ndiye naandika chati sasa."

Mama aliichukua soksi iliyokwisha kukunjwa, akaikunjua. Miaka thelathini na mmoja, alisema, yeye ndiye aliyekuwa akiwageuza watu vitandani, akiwaosha, akiwashika mkono kwenda msalani. Siku ile alipoliinua sanduku lenye betri mbili na kushindwa kulifikisha mlangoni, alijua kwamba mtu mwingine angelazimika kulibeba. Ndiyo maana kila usiku aliihamishia mashine kwenye soketi ya ukutani, ili betri moja ionekane inatosha.

"Sikutaka niende kule kama mzigo, mwanangu. Nilitaka niende kama mimi."

Fundi alitaka kumkemea. Aliwaza hema gizani, betri moja ikiishiwa katikati ya usiku, na mama akijikaza bila kumwamsha yeyote. Alikaa kando yake.

"Bila betri ya pili huendi," alisema taratibu. "Nayo haitajibeba. Chagua wewe."

Mama aliikunja tena ile soksi. Hatimaye akapiga moyo konde, akachukua simu na kumpigia kiongozi wa kambi, mzee aliyesukuma machela pale hospitali mpaka jina lake likasahaulika na wote wakamwita Machela. Alimweleza yote kwa sauti ya kutoa ripoti ya zamu: mashine, barakoa, sanduku la kilo kumi na nne.

"Kumi na nne?" sauti ya Machela ilijaa chumbani. "Dada Mkuu, mimi nimebeba watu wa kilo mia, na walinitukana njia nzima. Sanduku lako linatukana?"

Mama alicheka hadi akapangusa macho.

Jioni fundi alirudisha betri ya pili, akakaza nati, akalipeleka sanduku chumbani. Mama alikwisha kumtangulia: alikuwa ameiziba soketi ya ukutani kwa plasta ya hospitali, vipande viwili vilivyopishana, kingo zake zimebanwa vizuri kama juu ya kidonda.

Asubuhi mashine ilionyesha saa saba na dakika hamsini. Sanduku lilionyesha saa saba na dakika hamsini. Mama aliomba kalamu ya wino mzito, akaviandika vipimo vyote viwili ubavuni mwa sanduku kwa mwandiko wake wa chati, akatia sahihi, kisha akauliza Machela anapenda kubebea bega lipi, ili mkanda ushonewe sifongo upande huo.