Kidole Kilichofika Upesi

Juu ya kabati la mama pana mahali ambapo rangi haijapauka, penye upana wa redio kaseti ya baba. Nilipaona kabla sijakaa, mkoba ukiwa bado begani, nikauliza redio iko wapi.

"Si ulinikubalia mwenyewe?" mama akasema, akaendelea kumenya vitunguu. "Ulinitumia kidole gumba."

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa mbali. Hakupenda kuandika, alituma kaseti kwa mkono wa yeyote aliyekuja upande wetu. Alisema barua haina kikohozi, na yeye bila kikohozi si yeye. Mama alianika betri juani zipate nguvu, tukaizunguka meza. Baba alisalimu kila mtu kwa zamu: mama mkwe, shangazi, jirani wa kulia, jirani wa kushoto ambaye wala hatukuwa tukisemeshana naye, hata yule kuku wetu mwenye kilema. Habari yenyewe, kwamba karo imepatikana au likizo imeahirishwa, ilikuja mwishoni kabisa, utepe ukikaribia kwisha. Mimi na kiherehere changu nilinyoosha mkono nipeleke kaseti mbele, na mama akanichapa kofi vidoleni.

"Salamu hatuziruki," alisema. "Mwenzio amekaa peke yake akazisema zote."

Baba alipofariki, kaseti yake ya mwisho ilikuwa ndani ya redio. Mama alishavunja vile vijino viwili vya nyuma ya kaseti, mtu asije akarekodi muziki juu yake, na nilijua mtu huyo ni nani. Miaka ikapita, kifuniko kikakwama, kaseti ikabaki humo humo. Ikaja televisheni yenye mgongo, ikaja bapa, zikaja simu. Redio ilikuwa haiimbi tena, lakini kila wiki ilibadilishiwa kitambaa.

Mimi nikaishia kufanya kazi ya sauti, kwenye studio ya matangazo ya biashara, chumba kisicho na dirisha chenye kuta za sponji. Kazi yangu kubwa ni kukata: pumzi, vikohozi, zile "eee" za mtu anayetafuta neno. Nikikata vizuri, tangazo linaingia kwenye muda uliolipiwa na mteja anaondoka akitabasamu. Nilimnunulia mama simu ya kisasa, nikamwonyesha namna ya kutuma ujumbe wa sauti. Alikuwa amerithi mtindo wa baba mzima mzima. Alisalimia hadi wafanyakazi wenzangu asiowajua, akauliza kama nimekula, akaeleza nani anaumwa mgongo. Nilimsikiliza kwa kasi maradufu, sauti yake ikawa kama ya katuni. Baadaye hata kasi hiyo nikaiona ndogo. Nilikuwa nikisikiliza mwanzo tu, namjibu kwa alama ya kidole gumba, yaani sawa.

Ujumbe wa siku ile redio ilipoondoka uliingia mteja akiwa amekaa nyuma yangu. Nikafika kwenye salamu za shangazi, nikatuma kidole, nikarudi kukata pumzi za watu.

Sasa nilimwacha mama na vitunguu vyake, nikaenda uani, nikautafuta ujumbe ule, nikauacha uende kwa mwendo wake. Salamu zikapita zote. Kisha nikasikia mlango ukifungwa, na mama akashusha sauti.

"Nimejificha jikoni. Yule fundi wa redio yupo sebuleni, anataka redio ya baba yako akatoe spea. Ameomba kwa adabu, na mimi mtu akishakaa kwenye kiti changu nashindwa kumnyima. Lakini kaseti imo ndani. Niambie hapana, mwanangu, nimwambie mtoto amekataa. Nasubiri."

Baada ya hapo zilikuwa pumzi zake tu, zile ambazo kazini ningezikata.

Nilikimbia hadi kwa fundi. Alikuwa ameshatoa spika. Gamba lililobaki, kaseti ikiwa ndani, lilikwenda na wanunuzi wa vyuma chakavu. Aliniomba radhi, akasema aliambiwa mtoto amekubali. Hakuwa mtu mbaya, kwa hiyo sikupata hata wa kumkasirikia.

Niliporudi nilitaka kusema kweli, lakini kweli yenyewe ilikuwa kwamba sikumsikiliza, na nikaona aibu. Nikamwacha aamini kwamba sauti ya baba niliitoa kwa hiari yangu.

"Kilifika upesi," mama akasema bila kuniangalia. "Simu hata sijaiweka chini. Nikasema basi, mwanangu hakuhitaji hata kufikiri."

Tangu siku ile ujumbe wake umekuwa mfupi. Sijambo. Fanya kazi. Haniulizi tena kama nimekula.

Jumapili iliyopita nilijifungia chumbani nikarekodi. Nilimsalimia yeye, shangazi, majirani wa pande zote mbili, nikakohoa na sikukata. Mwishoni kabisa nikamwambia kwamba siku ile sikusikiliza, kwamba ningesikiliza ningesema hapana. Nikatuma, nikakaa na simu mapajani.

Alinijibu kwa kidole gumba. Lakini kilichelewa: kilichukua muda wote wa ujumbe wangu, salamu na vikohozi vyote, kisha kikachelewa tena kidogo.