Mbegu ya Kichwa Ngumu

Asubuhi hiyo mama mkwe alipiga mashimo shamba zima kabla hata ya kunywa chai. Maharage ya kwanza yalikuwa yameoza kwa ukungu, maganda yamejaa vidonda vyeusi, na mvua zilikuwa zinaishia.

"Leo usirudi mikono mitupu," alimwambia mkazamwana wake. "Kazi gani hiyo ya kulea maharage ya watu huku yetu yanakufa?"

Mkazamwana alikuwa kibarua kwenye banda la utafiti. Humo miche ilipuliziwa ugonjwa kwa makusudi, ionekane ipi itahimili. Karibu yote ilikauka. Mstari wa mwisho tu, kila ulipopandwa, haukuugua kamwe. Vibarua waliubandika jina Kichwa Ngumu. Mbegu zake zilijaza gunia, na gunia lilikaa stoo chini ya kufuli.

Alimpelekea daktari wa mimea yale maganda mabovu, labda angeona huruma. Daktari aliyageuza kwa kibano, uso ukamchangamka.

"Ee, ugonjwa huu mkali! Umeutoa wapi?"

"Shambani kwetu, daktari. Hatukupata hata punje. Nakuomba konzi moja tu ya Kichwa Ngumu, tupande leo."

"Haijapitishwa hiyo, dada. Bado tunaijaribu."

"Si tutakujaribia sisi? Ikifa, imefia kwetu."

"Mbegu ikitoka humu, kibarua kinaota nyasi, changu na chako."

Tayari alikuwa anasaga yale maganda kwenye blenda. Akachuja kwa kitambaa, akajaza pampu, akamvika mgongoni. "Puliza mstari wa mwisho. Tuone huyo Kichwa Ngumu wenu atafanyaje."

Akapuliza. Ugonjwa wa shamba lake ulichuruzika kwenye majani mabichi, naye akaomba kwa moyo wote miche ile ife. Kisha akajionea aibu, akaendelea kupuliza.

Jioni, getini, mlinzi alimfungua kilemba, akamkung'uta pindo la gauni, akamchungulia hadi chini ya ulimi. Asubuhi alipoingia na mfuko wa maganda, alikuwa amemsalimia tu.

"Nisamehe shemeji, ni amri."

Daktari akapaza sauti dirishani. "Kesho uniletee mengine!"

Nyumbani alimkuta mama mkwe amechuchumaa kati ya mashimo, jembe pembeni.

"Lete, tupande kabla ya giza."

"Funika, mama."

"Nifunike nini?"

Mkazamwana alipiga magoti kwenye shimo la kwanza, akaanza kurudishia udongo.