Mikono ya Heaika Begani Mwangu

...na mikono yake ni mizito kuliko nilivyodhani, yote miwili juu ya mabega yangu, inanuka moshi na ngozi ya kulungu wa theluji tunaowafuga, na anasema tena, "Shemeji, nisamehe kwa jina la Yesu na kwa damu yake," na chumba kizima kinasikiliza, watu arobaini walipopaswa kukaa kumi na watano, isipokuwa bibi Gáddjá ambaye bado anarukaruka karibu na jiko, analia na kucheka kwa pamoja, furaha ilimshukia pale mhubiri alipofika kwenye habari za msalaba, kofia yake nyekundu imelala upande, nami naitazama hiyo kofia kwa sababu sitaki kuutazama uso wa Heaika, maana ni uso wa Sjulle, pua ileile, nyusi zilezile, tumbo moja wale, ila mmoja, mume wangu, yuko kaburini mwaka wa sita huu na mwingine ameokoka mwezi uliopita. Ameokoka kweli, sisemi uongo, alilipasua pipa lake kwa shoka mbele ya watu wote na pombe ikanywewa na theluji, mbwa wakailamba wakapepesuka, na Gáddjá akasema, "Haya, tumwone sasa, Heaika ukimtoa pombe kichwani kinabaki nini, si kofia tu?" watu wakacheka, nami nikacheka, halafu nikaona aibu... "Sema neno, dada," mdogo wangu Ibbá ananinong'oneza kutoka nyuma, ananisukuma kidogo mgongoni, "mwenzio anangoja." Anangoja. Juzi alimwendea Mfini mmoja akakiri kwamba aliwahi kubadilisha alama za mwenye mali kwenye masikio ya kulungu wake watatu, Mfini akamkumbatia wakalia wote wawili, ni rahisi, kulungu hurudishwa. "Nilimwacha njiani," anasema Heaika, na sauti yake haitetemeki, anasema kama mtu aliyerudia maneno hayo siku nyingi peke yake, "tulitoka sokoni, nilimnywesha mimi, kamba ya sleji yake, gari lake la kuburutwa thelujini, ikakatika kwenye dhoruba, nikamwambia nifuate kwa miguu, sikutazama nyuma." Najua, wote tunajua, alifika kwenye hema langu ikiwa bado mchana, nikamuuliza, "Sjulle yuko wapi?" akasema, "Anakuja nyuma," akaanguka usingizini na viatu vyake miguuni, na siku ya tatu dhoruba ilipotulia tukamkuta Sjulle hatua mia moja kutoka mlangoni, amekaa, theluji mpaka kifuani. Hatua mia moja. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kitu, wanasema maskini Ravdna, shemeji yake ndiye aliyemuua mumewe, na mimi sijawahi kusema si yeye... Mhubiri Olá anakohoa, ananitazama kwa upole, huniita mfano kwa wengine, kwa sababu alipofundisha kwamba nyimbo zetu za zamani ni za shetani, zile za kila mtu na wimbo wake, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuziacha, nikawakataza hata watoto, akasema, "Mtazameni mjane huyu, neno limemwingia." Neno. Nilifurahi zilipokatazwa, hilo sijamwambia, nilifurahi kwa sababu mtu yeyote angeweza kuuimba wimbo wa Sjulle, kwa kusahau tu, akikamua au akifunga mzigo, nami ningeusikia tena, wimbo wake mfupi unaopanda mara mbili na kushuka, kama nilivyousikia siku ile, ndiyo, niliusikia, Heaika akiwa anakoroma na mimi nikikoroga mchuzi, katikati ya upepo, karibu, mume wangu anaimba wimbo wake mwenyewe ili mtu atoke amwoneshe mlango, na mimi nikawaza, amelewa tena, leo sitoki kumbeba, leo atembee mwenyewe, ajifunze, nikaongeza kuni, nikaonja chumvi, wimbo ukapanda, ukashuka, ukakoma, nikasema moyoni, ameingia kwa jirani. Mchuzi ulikuwa mzuri. Hilo nalikumbuka kuliko machozi ya mazishi. "Ravdna," anasema Heaika, polepole, "kama huwezi leo, nitakuja tena Jumapili nyingine," wala hasemi kwa uchungu, atakuja kweli, atakuja kila Jumapili mpaka tuhamie pwani na mifugo, atasimama hivi akiniomba, na mimi nitakuwa yule mjane mwenye haki ya kunyamaza, miaka sita nimekaa juu ya haki hiyo na haijanipa joto hata siku moja. Nikimwambia umesamehewa, watashangilia, Gáddjá ataruka mpaka darini, na Heaika atarudi kwake mwepesi, akidhani deni lote lilikuwa lake peke yake... ajabu, sina hasira, nimetafuta hasira mahali pake pa siku zote na hapana kitu. Namtazama sasa. Pua si ya Sjulle, ni yake, imevunjika kidogo juu, na macho yake yamechoka, ni macho ya mtu ambaye angeweza kunielewa, labda pekee katika chumba hiki, yeye hakutazama nyuma na mimi sikutoka nje. "Dada," ananong'ona Ibbá. Mikono ya Heaika bado iko begani mwangu, wote wanangoja nimsamehe, na mimi namtafutia neno la kuanzia, nimwambie kwamba Sjulle alifika, kwamba aliimba, kwamba nilisikia, kisha nimwombe yeye anisamehe.