Sindano Isiyo na Uzi

Kila Jumatano alfajiri, kabla jua la Ibra, huko Omani, halijawa kali, Bibi Turkiya hutandika mkeka wake katika Soko la Wanawake, akapanga kofia zake juu ya shuka nyeupe, akaweka birika la kahawa na sahani ya tende, akavaa miwani na kuendelea kushona. Kofia moja humchukua miezi miwili. Vitobo hutobolewa kimoja kimoja, na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka mdomo wake ukatulia. Ukiigeuza ndani nje, huoni fundo wala uzi unaoning'inia. Alifundishwa hivyo na mama yake huko Bujumbura, na katika jambo hilo hataki mzaha na mtu.

Mwaka huu zilikuwa zimebaki kofia kumi na moja, na Jumatano moja tu kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu. Binti yake Ibtihal, anayefanya kazi benki huko Maskati, alikuwa ameshasema: "Mama, zisipotoka Idi hii, basi. Rudisha nafasi ya soko uje ukae na sisi. Kuna AC, kuna lifti." Bibi Turkiya alikubali, na yeye akishatoa kauli harudi nyuma. Lakini kila akiifikiria ile lifti alitamani kulia.

Waliomharibia soko walikuwa watu wa duka jipya la zawadi la barabara kuu. Wao wanauza kofia za mashine ndani ya boksi lenye utepe, na ukutani wametundika picha ya Bibi Turkiya, kubwa kama mlango, imeandikwa chini: ZIMESHONWA NA BIBI ZETU. Mwaka jana alikuja sokoni msichana na kamera, akanywa kahawa vikombe vitatu, akasema picha ni ya kumbukumbu tu. Kumbe! Wakamfuta makunyanzi yote, wakamrudishia jino la mbele lililong'oka zamani, wakamtilia sindano mkononi. Uzi walisahau.

Jumatano hiyo ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, picha ilishuka ukutani ikaja sokoni.

"Shikamoo," ilisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Kahawa?"

Picha ilikataa kwa adabu, maana ingeloa. Kwa mbele ilikuwa Bibi Turkiya hasa. Ikigeuka ubavu ilikuwa nyembamba kuliko mkate wa rakhal, na mgongoni ilikuwa na namba ya simu ya kiwanda kilichoichapa. Upepo ulipoanza kuipeperusha, Mahfoudha, mwanamke wa Sur anayeuza udi mkeka wa pili, aliiwekea chupa ya samli juu ya pindo isiruke.

"Umekuja kufanya nini?" aliuliza Mahfoudha.

"Nimechoka. Mwaka mzima nimeshika sindano kavu. Sijashona hata kitobo kimoja."

Bibi Turkiya aliitazama mikono ya picha, akaguna.

"Kwanza unaishika vibaya. Hiyo sindano, si kijiti cha mshikaki."

Akaitungia uzi, akaipa kitambaa. Kitobo cha kwanza kilitoka kama jicho la mgonjwa. Bibi Turkiya akakifumua. Cha pili akakifumua pia. Cha tatu alikinyamazia, na picha ikacheka kwa furaha, jino lake jipya likionekana.

"Shoga, una jino zuri," alisema Mahfoudha. "Mwenzio analililia miaka sita."

"Ebo! Nani kakwambia nalilia?" alisema Bibi Turkiya.

Ilipofika saa mbili wateja wakaanza kuingia, wengi kuliko Jumatano yoyote. Walikuwa wamekwenda dukani kununua zawadi za sikukuu, wakakuta ukuta mtupu, wakamwuliza mlinzi. Mlinzi aliwaambia bibi wa ukutani ametoka, yuko sokoni. Wa kwanza alikuwa Tahira, mwalimu, anayetaka kofia za mumewe na wanawe watatu.

"Wewe ndiye unayeshona zile za dukani?" aliiuliza picha.

"La, mwanangu. Zile mashine. Mimi nimeanza leo. Fundi ni huyu."

Tahira akaigeuza kofia ndani nje, akapitisha kidole, akasema, "Mashaallah." Alichukua nne. Kufika saa nne shuka ilikuwa tupu, na Mahfoudha naye udi wake wote umekwenda, kwa sababu mtu akishapata zawadi ya mume humkumbuka na mama mkwe.

Mwenye duka alikuja akasimama langoni, akaita kwamba anataka picha yake. Walimjibu kwamba wanaume hawaingii. Akangoja juani mpaka adhuhuri. Ilipoadhiniwa, picha iliaga, ikasema ina kazi mpaka usiku, ikatoka yenyewe. Mwenye duka aliirudisha ukutani, akaiongezea misumari miwili.

Jioni Ibtihal akapiga simu.

"Zimetoka ngapi, mama?"

"Zote. Na sita nimeagizwa."

"Alhamdulillahi! Mimi ya mjukuu wako Yazeed nilinunua wiki iliyopita pale dukani. Niliona picha yako nikafurahi, nikasema nimuunge mkono mama yangu."

 Ilimuuma Bibi Turkiya, asiseme haikumuuma.

"Igeuze ndani nje," alisema.

Kwenye simu lilisikika boksi likifunguliwa, kisha kofia ikigeuzwa. Ibtihal alikuwa ameona nyuzi zinazoning'inia.

"Mama," alisema, sauti imembadilika, "usirudishe nafasi ya soko. Na mimi niandike. Nitangoja zamu yangu."

Idi ikaja ikapita, na nyama ikaliwa. Duka bado linauza kofia za mashine, na maneno yako pale pale chini ya picha. Ila sindano sasa ina uzi, na kitambaa cha kofia kilicho mkononi mwa picha huongezeka vitobo kila wiki, kwani Jumatano haikosi darasa. Picha hushuka, misumari huiacha ukutani.

Juzi Mahfoudha alileta habari kwamba duka limefungua tawi Nizwa, na huko wametundika picha nyingine, kubwa zaidi, na sindano yake haina uzi.

"Hawana haya hao," alisema Bibi Turkiya.

Kisha akahesabu safari: Nizwa mpaka Bidbid, Bidbid mpaka Ibra, na picha ile mpya haijui njia. Akaenda ndani akatoa mkeka mwingine, na chupa ya pili ya samli.